Mahojiano ya Saa Nane Usiku

Nilirudi na theluji ndani ya buti,
nimekesha nikiisukuma kwa lori la kaunti,
nikamkuta Rowena jikoni, saa nane za usiku,
juu kavaa koti alilovaa harusini kwa shangazi yake,
chini pajama yenye picha za bata.
Akaweka kidole mdomoni: baba, nyamaza.
Ndani ya kompyuta wazee wawili walikuwa wamekwisha pambazukiwa.
Nyuma yao dirisha, na dirishani mvua.

Nikaketi kwenye ngazi
kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

Bwana Halvorsen, mshauri wa shule,
kapeleka watoto Missoula, kapeleka Bozeman,
wengine kawapeleka jeshini.
Uingereza? Alikuna kidevu.
Ngoja, akasema, niitafute hiyo fomu.

Vyuo vya kwetu vinataka kidonda.
Tueleze ulivyoanguka, tueleze ulivyoinuka,
na kilio kile kilikufunza nini.
Rowena alikiandika kifo cha mama yake mara tatu,
mara tatu akakifuta.
"Hiki siuzi," akasema.

Wale wa ng'ambo waliuliza moja tu:
unataka kusoma nini, na mpaka sasa umesoma nini?
Colleen wangu hakuwa na kisanduku katika fomu yao.
Mimi niliona ubaridi.
Mwanangu aliona heshima.

Vyuo vitano, maelezo yale yale kwa vyote,
herufi elfu nne, hata nafasi tupu zinahesabiwa.
Nilimwona akiliondoa neno "sana" kila lilipojificha,
kama mtu achambuaye mchele.
Akaandika mawe. Akaandika shimo letu la Butte,
shaba iliyochimbwa mpaka mlima ukageuka ziwa,
maji ambayo bukini wakitua hawaruki tena.
Hakuandika inauma vipi.
Aliandika kwa nini.

Sasa mzee mmoja anainua jiwe mbele ya kamera.
"Unaona nini?"
Kimya. Jokofu linanguruma.
"Sijui," anasema binti yangu,
"ila naweza kukwambia nisichokiona."
Mzee akavuta kiti karibu.

Babu wa babu yangu alitoka Cornwall
na nyundo, na kikohozi, na ujuzi wa kukunja nyama ndani ya unga
ambao hata leo tunaununua ukiwa moto, Ijumaa.
Mwenda kwao si mtoro, ndivyo isemwavyo.
Lakini kwao ni wapi, mtoto huyu
aliyezaliwa maili nzima juu ya bahari
na bahari yenyewe hajaiona?

Januari mji wa minara ulimjibu: hapana.
Hapana iliyopigwa pasi, imefungwa na vifungo.
Machi, Leeds wakasema ndiyo, lakini.
Lakini alama tano katika kemia,
tano katika hesabu,
fizikia isipungue nne.
Niliisoma barua mara mbili nikitafuta pongezi.
"Ndiyo hiyo, baba. Hilo sharti ndilo pongezi."

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya dizeli:
ada, viza, bima ya kulipia ugonjwa ambao haujaja.
Nimeuza pikipiki ya theluji. Hesabu bado inachechemea.
Rowena hajui kuhusu risiti hiyo,
au anajua, na amenisitiri.

Ila mimi narudi usiku ule.
Alipoifunga kompyuta, bata wote wa pajama walikuwa wakitetemeka.
"Umesikia yote?"
"Nimesikia jokofu tu."
Akacheka, akavua koti, akalitundika vizuri
kama kitu cha kuazima.
Kisha akauliza kama theluji imekoma.

Haikuwa imekoma.
Nikavaa buti tena, bado zina maji.