Mashine ya Mninga

Mashine yetu ni ya mninga.
Aliichonga Fundi Sizya wa Isevya, kwa mchoro
ambao mwalimu aliukuza kutoka kitabuni,
na pesa ya gundi anatudai hadi leo.
Ina shingo, ina kichwa kinachozunguka kwa nati za baiskeli,
na pale panapotakiwa mionzi
tumefunga kitochi chekundu cha kuchezea watoto.
Ukiizungusha inalia kama mlango wa stoo.

Mwalimu Lufungulo hacheki.
"Siku mtakayoikuta ya kweli," anasema,
"mikono yenu iwe imeshazoea heshima."

Nimeingia chuo na miaka thelathini na mmoja.
Kabla ya hapa nilikuwa Urambo, kwenye maghala,
nikipanga majani kwa daraja, nikisoma mzani
ambao kila mkulima aliutazama kama shahidi wa uongo.
Kupima nakujua. Ila hapa kinachopimwa
hakina uzito, hakina harufu, hakiachi vumbi mkononi;
kinapita mwilini kimya na kwenda zake,
na kilichofanyika utakijua baada ya wiki.

Mtihani wa kwanza, swali la tano: taja visababishi.
Nikaandika tumbaku,
kwa kalamu iliyonunuliwa na tumbaku,
kwa ada iliyotoka shambani kwa baba
anayekohoa tangu masika ya mwaka juzi
na kusema ni vumbi.

Alhamisi ni vitendo. Mgonjwa wetu ni Bi Milembe,
mpishi wa chuo. Malipo yake soda.
Anashusha kanga begani, anapanda mezani,
unga wa ugali bado uko kwenye kucha.
Tunamchora nukta tatu za wino,
kulia, kushoto, na chini ya mfupa wa kifua,
tukihesabu milimita kwa sauti kama watoto wa chekechea.
"Usitikisike, mama. Pumua kama kawaida."
Kisha sote tunatoka nje, maana ndiyo sheria:
anayetibiwa hubaki peke yake.
Tunamchungulia kwenye kioo chenye ufa.
Mara nyingi analala. Anakoroma.
Maharage yaliungua mara mbili muhula ule,
tukayala bila neno.

Ubaoni: umbali ukizidi maradufu, nguvu hubaki robo.
Nilinakili, nikapigia mstari.
Nikawaza nyumbani, kilomita tisini,
na kile kikohozi kinavyonifikia kizima.

Alhamisi moja ya Julai, upepo wa kiangazi ukipiga mabati,
kidole changu kilisimama
pembeni ya nukta ya kushoto.
Kama punje ya karanga. Ngumu. Haitelezi.
Nikamtazama. Akanitazama.
"Najua," akasema. "Tangu Machi.
Nilikuwa nangoja kuona kama mtaiona."

Hakuna aliyehesabu milimita siku ile.

Kitete wakampa barua, barua ikampa safari.
Alipanda basi la Mwanza alfajiri
na dumu la asali la kuwapa wenyeji wa huko,
na jikoni akaingia kijana asiyejua chumvi.

Wiki ya tatu akanipigia, sauti ya kujidai:
"Kalunde, ya kwao nyeupe, ina baridi, haipigi kelele.
Wamenichora nukta tatu. Wakaniambia, mama, usitikisike.
Nikawaambia, wanangu, kazi hii
mimi nimeifanya mwaka mzima."
Akanyamaza kidogo. Nilisikia mtu akiburuta kiti.
"Ila ya kwetu inanukia."

Leo nimetia mafuta kwenye nati.
Nimemwambia mwalimu Alhamisi hii nalala mimi mezani,
nijue dari inavyoonekana.