Ritifaa

Saa nane na robo, rimu ya lori ikigongwa,
mia moja na kumi na wawili wanamwagika nje
kama dagaa kwenye turubai,
na sita wanabaki.

Stoo ya majembe, shule ya Igombe. Dirisha moja,
linaonyesha ziwa, na jiwe lililokalia jiwe.
Nimefagia, nimetandika mkeka,
nimekata maboksi ya sabuni kuwa kadi.
Darasa la nne, na tunaanza na ba.

Kwanza niliwapima: dakika moja, simu mkononi,
aya ya darasa la pili, ile ya kuku wa jirani.
Lugembe, maneno tisa.
Holo, manne, kisha akaomba kwenda chooni.
Ng'washi aliisoma yote bila kukwama,
ila kidole kilikuwa mstari wa tatu
na mdomo umeshafika wa tano.
Aliikariri kwa kusikia wenzake.
Miaka mitatu ametudanganya hivyo,
au tulitaka kudanganywa.
Mimi mwenyewe niliandika kwenye ripoti yake: *Ajitahidi.*
Ajitahidi nini, sikusema.

Mwezi ukifa, mkeka unapungua watu.
Taa zinakesha ziwani, asubuhi kuna dagaa wa kuanika,
wanakuja wawili, mmoja anasinzia,
magamba yanametameta kwenye vifundo vya mikono.
Siwalaumu. Tumbo halingoji irabu.

Lugembe alifika thelathini katikati ya Machi.
Ulimi wa kwao hauna r,
siku alipogundua kwamba kalamu si karamu
alicheka mpaka akajilaza juu ya majembe.
Wiki iliyofuata baba yake alihamia kambi ya Kome.
Alinirudishia kadi, zimefungwa kwa uzi wa nyavu.
Nilizihesabu usiku: moja haimo.
Ile ya r.
Sijaiulizia.

Na Ng'washi tulikwama kwenye ng.
Ngazi, ngoma, ngano: sawa.
Kisha ng'ombe, akasoma *ngombe*,
mtoto aliyekulia zizini!
Nikamwonyesha ile alama. Vitabuni inaitwa ritifaa,
mkekani tunaiita mbu.
"Mbu akitua juu, g inanyamaza,
sauti inapita puani. Msikilize."
Tukavuma wote sita, tukavuma,
mwalimu mkuu akachungulia, akaenda zake.
Ng'oa. Ng'ara. Ng'ambo.
Siku kumi na moja za mbu.

Alhamisi moja nilikuwa nimeacha daftari la mahudhurio wazi.
Akalikaribia, kidole na mdomo pamoja,
polepole, kama anayevuka mawe yenye utelezi.
"Mwalimu, huyu ni nani?"
"Huyo ni wewe."
"Siyo. Huyu Ngwashi.
Mbu hayupo."

Madaftari ya zamani yamo humo humo stoo.
Nikayashusha, nikapuliza vumbi.
La tatu. La pili. La kwanza.
Miandiko mitatu, mmoja wangu,
na vema, vema, vema, safu kwa safu,
yupo, yupo, yupo,
mbele ya jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Daftari ni la serikali, halichorwi ovyo.
Nikampa kalamu nyekundu.
Akainama, ncha ya ulimi nje,
akamtua mbu mnene kuliko herufi zote,
wino ukapenya hadi ukurasa wa Aprili.

Nilinyoosha mkono nifunge. Hakuniachia.
Alikuwa ameshaanza kushuka na orodha,
jina kwa jina, midomo ikicheza,
anatafuta wengine tuliowakosea.