Shilingi Sita

Redio imeletwa juu ya punda, imefungwa kwa leso mbili,
na aliyeileta, Bwanaheri, aniomba radhi kwa vumbi
kana kwamba vumbi ni kosa lake.
"Ni ya mama. Tangu afe haijatamka."

Nafungua mgongo wa ubao. Skrubu nne,
moja imeliwa na chumvi hadi kuwa unga.
Ndani: mayai mawili ya mjusi, matupu, kando ya transfoma,
harufu ya nta iliyoyeyuka zamani,
na vali tano zimesimama kizani
kama chupa za marashi yaliyokwisha.

Wenye majumba ya wageni kule Shela
huniuliza bei ya kasha tu,
matumbo niyatoe, wao watie taa.
Mwenye kutaka ngozi na aende kwa mchinjaji.

Kapasita za karatasi zimevuja zote. Nazikata,
lakini kwanza naumaliza umeme uliojificha.
Baba alinifunza hilo siku niliyorushwa hadi ukutani:
"Kilichozimwa si kilichokufa, Swabra."

Kioo nakifuta kwa pamba na mate,
maana spiriti hula herufi.
Kairo, Bombei, Roma. Amu haimo.
Ila karibu na Kairo pana nukta ya wanja
ya ncha ya kidole cha mwanamke.
Hiyo siigusi.

Nalipindua bati la chini
na hapo, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu,
nuni zake zimelala ubavu kama alivyozilaza daima:
*Kumi Shaabani. Vali moya mpya.
Bi Mwanamize wa Mkomani amesaza shilingi sita.*

Pasi ya lehemu yafuka moshi peke yake mkononi.
Baba ana miaka kumi na tisa udongoni
na bado anadai.

Namsomea Bwanaheri. Kimya.
Kisha anacheka mpaka anashika meza.
"Ndiyo maana! Alikuwa akipita ndia ya nyuma,
mwaka mzima, na mimi namuuliza,
mama, twazungukia nini?"
Atoa noti ya mia. Naikataa.
Aenda dukani, arudi na sarafu ya tano na ya moja,
aziweka juu ya bati, hapo hapo penye deni.

Baada ya alasiri nawasha.
Redio ya vali haikurupuki.
Kwanza uzi mwekundu, kisha rangi ya chai ya mkandaa,
kisha mvumo, kisha kikohozi.
Sindano naipeleka penye wanja.
Hapana mtu. Mchanga unaochekechwa tu,
na mbali ndani yake, labda, mtu anahesabu
kwa lugha nisiyoijua.
Nataka kusogeza. "Iwate hapo," asema Bwanaheri,
na avuta kiti.

Jioni, kabla ya skrubu ya mwisho, nachonga penseli.
Chini ya mwandiko wa baba naandika: *Imelipwa.*
Na chini yake, kwa kuwa kazi yangu ni elfu mbili
na mfukoni alikuwa na elfu moja na nusu:
*Bwanaheri amesaza mia tano.*