Ukungu wa Bure

Saa moja asubuhi Llanberis haijafumbua macho,
mapaa ya mawe yanatiririka manyunyu.
Eirlys ananingoja kituoni: miaka sabini na moja,
fimbo mbili, soksi nyekundu,
mikate ya jibini begini kana kwamba tunahama.
"Viatu?" Namwonyesha. Ni buti za bintiye
aliyeolewa Kanada. Soksi mbilimbili
ndizo zinazonishikilia ndani yake.

Kwetu Soni mlima haukupandwa hivihivi.
Ulipandwa kwa kuwa shule iliwekwa juu na maji chini.
Ulipandwa na tenga la plamu, na mizigo ya kuni,
ulipandwa na jeneza la baba, wanaume wakipokezana mabega,
mmoja akiteleza, wote wakisema: taratibu, taratibu,
kama vile bado angeweza kuumia.
Sikumbuki mtu aliyeamka akasema,
leo napanda ili nipande.
Angeulizwa kama amelala vizuri.

Leo nina chupa ya chai na koti la mvua,
na mabega yaliyozoea kuelemewa
hayajui yaufanye nini wepesi huu.

Kondoo wanatutazama, rangi ya buluu matakoni,
kama waliokalia benchi lisilokauka.
Lami inakuwa changarawe, changarawe inakuwa mawe matupu.
Nahesabu mizani ili nisihesabu mita:

    Hatua moja ni yangu, ya pili nimeikopa,
    Goti hili, goti langu, laomba kubaki hapa,
    Mbele jiwe, juu wingu, nyuma tope lanichapa,
    Mzigo leo si wangu, mbona miguu yatapa?

Eirlys hahemi. Anataja.
Kila jabali lina jina, kila jina lina mwenyewe.
"Na hii kwenu mwaitaje?" Ananyoosha fimbo
kwenye weupe unaotushukia.
Ukungu, nasema.
*Niwl*, anajibu. Neno fupi
kwa kitu kisicho na mwisho.
Kisha, bila kugeuka:
mama wa bibi yangu alivishwa kibao shingoni
kwa kuisema lugha hii darasani.

Nasimama.
Nami nilikivaa, namwambia. Sekondari, cha mbao,
kamba ya katani ikiwasha, siku nzima,
kwa neno moja la Kiswahili.
Neno gani?
Sikumbuki. Pengine "nipishe".

Anafungua begi. Tunakula mkate tumesimama,
hatusemi lugha yoyote.

Kileleni kuna foleni.
Naam, foleni, kama ya benki mwisho wa mwezi,
watu wameshika simu, wanangoja zamu ya kugusa nguzo ya mawe.
Treni imewamwaga wengine, raba zao nyeupe pepepe,
mmoja anauliza choo kiko wapi.
Saa nne nimepanda. Nilitaka kukasirika,
nikakosa pumzi ya kukasirikia.

Zamu yetu ikafika. Hakuna kinachoonekana.
Eirlys ananyoosha fimbo: kule bahari,
kule Ayalandi, siku njema,
kule nyumba niliyozaliwa, ina mlango wa kijani.
Fimbo inazunguka katika weupe ule ule.
Nami nikanyoosha mkono:
kule Soni. Kule shule.
Kule, kidogo kushoto, alipolazwa baba.
Akatazama nilikoonyesha, kwa makini,
akatikisa kichwa kama aliyeona.
Nyuma yetu mtu akakohoa. Foleni.

Kushuka magoti yanadai deni lote la asubuhi,
pamoja na riba.
Jioni, mezani kwake, simu inaita.
Umeona nini huko, mama anauliza.
Ukungu, mama.
Kimya, cha mtu anayehesabu nauli.
Ukungu? Mbona hata hapa upo mwanangu. Tena wa bure.

Eirlys ameweka birika jikoni.
Anasemaje, anauliza.
Nalegeza kamba za buti, ya kulia, ya kushoto,
soksi zinatoka na tope la nchi yake.
Anasema karibu.