Sindano Mia Mbili

Kabla ya saa moja napangusa meza:
upande huu mashine, upande ule shule.
Mpaka wetu ni utepe wa kupimia,
na kila siku mpaka unasogea.

Mashine yangu ya kufuma ina sindano mia mbili.
Ya themanini na saba imepinda tangu Pasaka.
Khainza ndiye aliyeigundua,
akihesabu kutoka kushoto, kidole juu ya kila moja,
na hivyo ndivyo alivyojua mia ni safari ya namna gani.

Wepukhulu husoma karatasi za gombo la uzi.
"A-kri-li-ki. Mama, akriliki ni mnyama gani?"
"Hana miguu. Endelea."
Mutonyi anasomea chini ya meza;
somo lake ni kuvuta, na amefaulu.

Shule zilipofungwa ile miaka miwili
kazi yangu nayo ilifungwa.
Nani avae sweta ya shule kwenda kuchuma kahawa?
Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani: a, e, i, o, u.
Milango ilipofunguliwa Mbale nzima ikarudi darasani.
Khainza akasema, "Nimefika mahali patamu,
ngoja kwanza nimalize."
Hajamaliza.

Jirani hunisemesha juu ya ua, akianika nguo:
"Wavika watoto wa watu, wako wamekaa uchi."
Simjibu.
Mkono unakwenda, kraa, unarudi, kraa,
mstari wa kijani, mstari wa kijani,
halafu njano, mbili tu, shingoni.

Jumanne alikuja Mwalimu Wamimbi
wa shule ile ya juu, mgongoni mwa Wanale,
ambako ukungu huingia darasani kabla ya watoto.
Sweta thelathini na tano.
Elfu kumi na nane kila moja.
Nikaandika risiti huku namlisha Mutonyi uji,
huku nasikiliza herufi, huku chungu kinafoka:
laki sita na hamsini elfu.

Khainza alikuwa amepiga magoti kitini,
akiisoma risiti kichwa chini miguu juu.
"Mama, ni laki sita na thelathini."

Chumba kikanyamaza. Hata uji ulinyamaza.
Mwalimu akahesabu kwa midomo, polepole,
akacheka mpaka kofia ikamlegea.
"Huyu anasoma shule gani?"
"Hapa," akasema Khainza, akionyesha meza,
upande wake, kisha, baada ya kufikiri,
na upande wangu.

Elfu ishirini ni magombo mawili ya uzi.
Ni sukari, ni sabuni, ni mafuta ya taa ya kufumia usiku.
Nilikosea?
Uji ulikuwa mkononi, ndiyo, na chungu kilifoka.
Lakini kalamu ilipoandika ile hamsini
haikutetemeka, na mimi niliiona.
Nimemfundisha mtoto hesabu kwa mikono yangu
na hesabu imerudi nyumbani kunidai.

Nikachana risiti, nikaandika nyingine.
Khainza akashika karatasi isiteleze.

Jioni, mvua ikiteremka mlimani,
nikafumua mkono mmoja uliokosewa,
uzi ukirudi kwangu umejikunja kama nywele.
Nyuma yangu kimya. Kimya cha watoto si kizuri, nikageuka.

Wepukhulu alikuwa amevaa moja,
ya kijani, njano mbili shingoni,
mikono ikimpita vidole.
Alijitazama kwenye kioo cha dirisha
kama mtu anayesoma neno gumu,
silabi, silabi.
Kisha akaivua. Akaikunja nilivyomwonyesha,
mikono ndani kwanza, akairudisha juu ya rundo:
"Thelathini na moja, Mama. Bado nne."

"Bado nne," nikasema,
nikaanza kuutafuta mkasi kila mahali,
mkasi uliokuwa mkononi mwangu.