Kadiri ya Jiko

Chupa kaileta Mwanahalima kutoka Dubai:
vidonge sitini, picha ya mwezi uliolala chali,
na neno USINGIZI kwa herufi za dhahabu.
Nimevaa miwani juu ya miwani
nasoma ubavuni, wanakoficha maneno madogo.

Melatonini, miligramu kumi.
Magnesi, thelathini.
Kisha: mchanganyiko maalumu, mia tano na hamsini,
mzizi wa valeriani, kamomili, kungumanga.
Kila kimoja kiasi gani?
Kimya.
Majina yamepanga foleni, uzito wao umeachwa mlangoni.

Nimepika halua Shela ya Malindi miaka arobaini na mmoja.
Kungumanga naijua.
Ikwaruze kwa adabu, harufu yafika msikitini;
izidishe, mgeni wako atatapikia zulia.
Sasa humu wametia vumbi lake, au kokwa nzima?

Nikatoa mizani ya shaba ya marehemu baba,
nikaweka kidonge kitanga cha kushoto.
Hakikushuka.
Mizani hii imezoea sukari na samli,
haijafunzwa kupima ahadi.

Kazungu wa duka la dawa akaigeuza chupa mara tatu.
"Kumi ni nyingi, mzee. Watu huanza na nusu, au moja.
Hiyo magnesi ni chumvi ya kuonjea tu.
Na huu mchanganyiko hata mimi siujui,
wenyewe wanauita siri ya kiwanda.
Nawe unameza vya presha. Usichanganye kabla hujamwona daktari."

Siri ya kiwanda!
Nikacheka hadi wateja wakageuka.
Wanawake wangapi wamesimama mlangoni pangu
na vibakuli vyao: "Bwana Shekuwe, iliki kiasi gani?"
Nami, uso mkavu:
"Kadiri, mama. Kadiri ya jiko."

Saa nane za usiku macho yakafunguka, kama ada.
Ndiyo saa ya kuwasha kuni, na mwili haujaambiwa
kwamba mwiko nimemwachia Aboud tangu Mfunguo Tatu.
Nikashuka.
Kijana anakoroga, jasho lamdondoka puani,
anaonja, anakunja uso, anaongeza, anaonja tena.
Miezi yote hii anabahatisha,
nami juu darini nasikia mwiko ukisitasita,
nautafuta usingizi kwenye lebo.

"Iliki," nikasema, "vijiko viwili na nusu
kwa ratili kumi za sukari. Kungumanga, nusu kokwa.
Zafarani ukishapunguza moto, si kabla."
Akaacha kukoroga, akanitazama
kama niliyemkabidhi hati ya nyumba.
"Koroga wewe, itashika chini!"

Nikapanda.
Vidonge vingali sitini, kimoja kitangani.
Kama nililala, sijui.
Najua adhana ya alfajiri
niliisikia nusu yake tu.