Kifungu cha Saba

Mizani yetu tumeiazima kwa muuza mukene,
inanuka soko hata tukiipangusa kwa ndimu.
Kila Jumapili, kabla ya raundi ya kwanza,
naipima yenyewe kwa pakiti ya sukari ya kilo moja
ambayo haijafunguliwa tangu Pasaka.
Ikisema kilo na gramu nne, naandika: gramu nne zitolewe.
Ndivyo tunavyotawala hapa Tororo,
nyuma ya ghala la pamba lisilo na pamba,
magari yasiyozidi urefu wa mkono wa mtoto.

Msicheke.
Gari dogo lina hila zote za gari kubwa.
Nimeona risasi ya ndoano imefichwa chini ya betri.
Nimeona mota iliyofunguliwa usiku, ikasukwa upya nyuzi za shaba,
ikarudi asubuhi na kibandiko kimenyooka
kama mtoto wa komunyo ya kwanza.
Nikaandika. Kalamu yangu haina mjomba.

Lakini hayo ni mepesi; uzito hupimika.
Kazi iko kwenye kifungu cha saba:
"Aliyemaliza kukimbiza aweke rimoti chini,
aende kwenye kona aliyopangiwa, asimame,
ayainue magari ya wenzake yakipinduka."
Nilikiandika mwenyewe, vumbi la saruji mkononi,
mwaka ule tulipogombana hadi tukavunja meza.

Sasa Opendi.
Kashinda nusu fainali, mizunguko miwili mbele ya watu,
gari lake jekundu likipita kona
kama ulimi unavyopita jino.
Wakambeba. Simu zikamzunguka.
Na kona ya tatu, zamu yake, haina mtu.

Raundi iliyofuata, gari la Nyaburu, fundi cherehani,
liligonga tairi la pembeni, likalala chali,
magurudumu yakisaga hewa,
mende aliyepigwa na ufagio.
Nilihesabu sekunde kumi na moja.
Nyaburu hakupiga kelele. Alibonyeza, akabonyeza,
kama mtu anayegonga mlango wa nyumba
anayojua ina watu.

Kikao kilikaa hadi umeme ukaja na kuondoka.
Mwenyekiti Emuria akasema, Opendi ndiye anayetuletea wafadhili,
nani mwingine angetupatia matairi kutoka Nairobi?
Kanuni ni nguo, akasema, hushonwa kwa kipimo cha mvaaji.
Nyaburu, aliyekaa mlangoni kwa kuwa si mjumbe, akajibu:
Mshonaji ni mimi.
Mteja akinenepa, sikati kitambaa cha jirani yake.

Okongo alikuwa amelala. Tukamwamsha ili akidi itimie.
Kura tatu kwa mbili: raundi bora ya Opendi ifutwe.
Ana siku tatu za kukata rufaa,
ada shilingi elfu ishirini, hurudishwa akishinda.

Hakukata rufaa. Hakuja tena, pia.
Bango la wafadhili limeshushwa,
nimeliona juzi limefunika banda la kuku.
Usiku nafungua daftari, nakisoma kile kifungu,
natafuta neno nililokosea.
"Asimame", labda. Labda ningeandika: asimame akipenda.
Hapana. Akipenda ndiyo iliyovunja meza.

Na kuna jambo sikulisema kikaoni.
Kabla hatujawa na kanuni hata moja,
aliyeiacha kona ile akaenda kununua soda ni mimi,
na gari lililolala chali, magurudumu juu,
lilikuwa la mvulana wa miaka kumi na mitatu
aliyeitwa Opendi.
Aliniangalia tu. Sikumwomba radhi;
nilimwandikia kifungu.

Leo nimeipima sukari. Gramu nne, bado.
Nimepanga kona: ya kwanza Owor, ya pili Nyaburu,
ya nne mtoto wa Emuria, ambaye hataki.
Ya tatu nimeandika jina lake,
kwa penseli.